Uso Uliotoka Kwenye Chenga

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imefika. Ilianzia upande wa Bomet mchana, ikapanda mashamba ya chai polepole mpaka hapa sokoni Roret, na stima ikapotea kabla hata tone la kwanza halijagusa bati langu. Kompyuta ilizima nikiwa katikati ya picha ya mazishi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hii ndiyo kazi ya msimu huu. Mvua ndefu huondoka na wazee, na watoto wao huja studioni na picha walizopiga kwa simu jikoni penye moshi, wakitaka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Picha za gizani huwa zimejaa chenga, vile vitone vya rangi rangi vinavyotapakaa kama changarawe juu ya uso wa mtu. Kamera ikikosa mwanga hulazimisha kuona, na inapolazimisha hutoa uchafu wake yenyewe. Mimi huupunguza huo uchafu. Nilisomea Nakuru, na katika soko hili hakuna anayenishinda kwa kazi hiyo.

Mvua ilipozidi, Monicah aligonga mlango. Huuza omena kwenye veranda yangu.

"Nyathi! Fungua, hizi samaki zitarudi ziwani!"

Kwa Kijaluo chao nyathi ni mtoto. Tangu ajue jina langu ni Nyathira hajawahi kuniita kitu kingine. Tulikunywa chai tukingoja mvua ipungue, mpaka mumewe Lazarus akaja kumsaidia kubeba beseni. Lazarus ni mpakiaji wa lori ya majani ya chai. Aliinama mlangoni kama anavyoinama kila mahali, maana milango ya Roret ilijengwa na watu wafupi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Wateja wawili, picha za pasipoti. Stima ilirudi kidogo ikaenda zake.

Jumatatu, 24 Machi

Danson wa duka la mbolea alikuja kulalamika kwamba mfereji wa bati langu unamwaga maji upande wake. Ni mtu wa Kedowa kama mimi, lakini hunisalimia kwa Kikuyu siku ile tu ana shida. Alisimama mlangoni na mwavuli, hakuingia, hakuulizia hata afya yangu. Mtu mkavu. Nimefunga mfereji kwa waya.

Jumamosi, 29 Machi

Mzee Chepyegon, mlinzi wa kituo cha kupimia majani, amepigwa. Ilikuwa jana magharibi, mvua ikinyesha kwa nguvu. Mtu alimgonga kichwani kwa nyuma, akavunja kufuli ya stoo na kuondoka na mbolea ya wakulima. Mzee yuko hospitalini Kapkatet na hajafungua macho.

Kipruto, mwenyekiti wa kituo, alikuja asubuhi na memori kadi imefungwa kwenye kitambaa cha mkono. Nimemheshimu Kipruto siku zote. Ni mzee wa kanisa, anaongea pole pole, hukumbuka majina ya watoto wa watu. Leo macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada yangu," alisema, "ile kamera ya stoo Danson alituazima imemshika. Lakini haionekani vizuri. Mkora yuko humo ndani. Mtoe."

Niliifungua. Mvua, giza linaloingia, kamera ya bei rahisi: picha ilikuwa kama blanketi la kijivu lililomwagiwa unga. Mbele ya mlango wa stoo palikuwa na umbo la mtu amevaa koti la mvua lenye kofia. Nilipoukuza uso, ulikuwa vitone vichache tu, vingine vya buluu, vingine vyekundu, hakuna jicho, hakuna pua.

Nilianza kwa njia ya kawaida. Nililainisha chenga, na uso nao ukaondoka pamoja nazo, ukabaki kama kipande cha sabuni. Kipruto alishusha pumzi.

"Hakuna ingine?"

Iko. Ni programu mpya niliyoiweka mwezi uliopita kwa ajili ya picha za mazishi. Unaipa uso uliopotea nayo inakurudishia uso. Niliukata uso peke yake, nikautia ndani, tukangoja. Ukatoka. Mwanamume, shavu lililobonyea, paji pana, mdomo uliofungwa. Safi kama amepigwa picha kanisani.

Kipruto alishika meza. "Huyo! Si unaona? Huyo!"

Nilihisi kama nimewahi kumwona mahali. Sikujua wapi. Na naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani watu walinigeukia. Picha iko kwenye kundi la WhatsApp la kituo na makundi mengine yote. Mvua haikukata mchana kutwa.

Jumatatu, 31 Machi

Nimechana kurasa mbili kabla ya hii.

Lori ya majani ilisimama karibu na posho mill ya kusaga unga kama kawaida. Nilikuwa mlangoni. Nilisikia mtu akisema, "Si huyu ni yule wa picha?" Sauti ya utani kidogo. Mwingine akatoa simu, akaiinua, akaangalia juu ya lori, akaangalia simu. Lazarus alikuwa amesimama juu ya magunia, shati limeloa, anacheka na dereva. Bado alikuwa anacheka walipomvuta mguu.

Watu walitoka kila duka. Watu ninaowajua. Yule mama anayeniuzia maziwa aliokota jiwe. Monicah alipiga kelele kwa Kijaluo, beseni likapinduka, omena ikatapakaa kwenye matope na watu wakaikanyaga. Mimi nilisimama. Nilikuwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje, nikifikiria Kedowa, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi nilipokuwa msichana na tukafunga mlango tukisikiliza watu wakipita.

Nilimtafuta Kipruto kwa macho. Alikuwa kwenye kibaraza cha duka la nyama, mikono kifuani, anaangalia chini.

Jiwe lilimpasua Lazarus kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni. Hapo ndipo pickup ya Danson iliingia katikati ya watu ikipiga honi bila kuacha, naibu wa chifu yuko nyuma. Walimtupa Lazarus ndani kama gunia na kuondoka naye kwenda polisi. Sijui kama Danson alikuwa anamwokoa au anamkamata.

Nilirudi ndani, nikafungua picha. Lazarus. Shavu lake, paji lake. Nilikuwa nimemwona mahali, kweli. Nilikuwa nimemwona kila jioni.

Jumanne, 1 Aprili

Monicah alikuja asubuhi. Hakuketi.

"Nyathi. Ni wewe ulitengeneza hiyo picha?"

"Mama Shirley, mimi nilisafisha tu. Sikujua itatoka nani."

"Ulisafisha ukapata bwana yangu."

Nilimsogezea stuli, hakuitazama.

"Ijumaa alikuwa nyumba. Maji ilikuwa inaingia kwa bati, alipanda kuziba. Mimi ndiyo nilishikilia ngazi, na Shirley alikuwa anatuletea misumari." Alijipangusa uso kwa leso. "Nimeambia polisi. Wanasema mimi ni bibi yake, lazima niseme hivyo. Wanasema picha haina bibi."

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini? Ati kazi yako si mzuri?"

Aliokota beseni lake verandani, akalitikisa maji, akaenda. Kitu kibaya ni kwamba sikujua nimwamini nani. Monicah nampenda. Lakini uso ulikuwa pale kwenye kioo cha kompyuta, safi, na mimi huamini macho yangu. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Wateja wameongezeka. Wanakuja hata bila shida ya picha. "Ni wewe ulimshika mwizi?" Mmoja aliniletea mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye chupa. Nimeiweka dirishani, sijaigusa.

Jumatano, 9 Aprili

Mzee Chepyegon amefungua macho tangu juzi. Nimeenda Kapkatet kumwona. Wodi ilikuwa na harufu ya dawa na nguo zisizokauka. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto. Alinishika mkono akanishukuru kwa Kipsigis, kongoi, kongoi, mpaka nikaona aibu.

"Mzee, ulimwona?" niliuliza.

"Niligongwa kutoka nyuma, mtoto wangu. Nilisikia tu mguu kwa matope."

"Kwa hiyo hukumwona."

"Sikuwa nimemwona." Alifikiri. "Lakini Kipruto aliniletea ile bicha. Sasa nikifunga macho namwona kabisa. Anakuja na mvua, ananiangalia. Hata sauti nasikia. Ni yule mrefu wa lori."

"Ulimwona kabla ya picha, au baada?"

Mzee huyu hajawahi kumnyima mtu salamu, na sijasikia mtu akisema amedanganya. Macho yake yalijaa maji.

"Sasa nitajuaje? Yuko ndani, hatoki. Na nimeshaandikisha polisi."

Nilitembea mpaka stendi bila kufungua mwavuli. Uso niliotengeneza kwenye meza yangu umeingia kichwani mwa mzee aliyevunjwa kichwa, na sasa ni kumbukumbu yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua ya mawe. Chai yote ya upande wa chini imechanikachanika. Hakuna wa kuchuma wala wa kupakia.

Jumapili, 13 Aprili

Monicah ameondoka. Vijana walirusha mawe kwenye bati lao usiku wa kuamkia jana, na asubuhi mwenye nyumba akamwambia atafute kwingine. Amempeleka binti yao Shirley kwa nyanya yake, huko Ahero. Nimeambiwa na majirani. Kwangu hakupita.

Veranda bado inanuka omena kidogo mvua inapopungua.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimefunga studio nikafanya kile ningepaswa kufanya ile Jumamosi. Nimeipima picha.

Mwalimu wetu Nakuru alikuwa akituambia: kabla hujaisafisha picha, uliza ina nini ndani. Nilizoea kucheka. Leo nimeuliza. Uso wote wa yule mtu kwenye picha ya kamera ni mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na kila kitone kimechafuliwa na chenga kiasi kwamba vitone viwili vilivyo jirani havifanani hata kwa rangi. Hakuna jicho mle. Hakuna shavu. Programu haikurudisha uso wowote, ilikuwa haina cha kurudisha. Imefundishwa nyuso za watu wengi sana, na ikikuta shimo hulijaza na uso unaoweza kukaa hapo. Niliitaka iniletee mtu nayo ikaniletea mtu.

Nikajaribu kitu. Nilichukua uso uleule wa chenga, nikausogeza kidogo sana upande wa kushoto kabla ya kuukata, nikautia tena kwenye programu. Ukatoka mwanamume mwingine. Mnene, ana ndevu. Nikaongeza mwanga kidogo. Akatoka kijana, hata ungesema ni msichana.

Nimekaa na hao watu watatu kwenye kioo mpaka giza likaingia. Wote safi. Wote wananitazama. Wa kwanza tu ndiye aliyefanana na mtu wa Roret, na huyo yuko rumande na uso uliopasuka.

Kisha nikafungua nakala ya kadi nzima, si ile picha moja aliyoichagua Kipruto. Kamera ile ikishtuka hupiga picha nyingi mfululizo. Chenga hazikai mahali pamoja. Kila picha kamera huzimwaga upya. Kitu kilichopo kweli hukaa. Ukilaza picha moja juu ya nyingine na kuchukua wastani wake, chenga hufutana zenyewe na kilichokuwepo hubaki. Ni njia ya zamani, ya pole pole, haiongezi kitu. Mtu yule alikuwa amesimama akihangaika na kufuli, hakusogea sana.

Uso haukutoka. Hata kidogo. Lakini mlango ulitoka. Bawaba zake, ubao wa juu, kile kitasa kikubwa. Na kofia ya mtu yule ilifika kwenye bawaba ya juu tu.

Mlango ule naujua, nimepiga picha za kamati mbele yake. Lazarus huinama kuingia.

Na hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Mlango ulikuwepo tangu mwanzo, umefifia lakini upo. Watu hawakuuona kwa sababu niliukata.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilienda kwa Kipruto na kompyuta yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Alinikaribisha chai. Alitazama picha zote, zile nyuso tatu, na mlango. Ameelewa, nina hakika ameelewa, kwa sababu alirudi kwenye mlango na kuweka kidole juu ya bawaba.

"Sasa unataka nifanye nini?" alisema mwishowe.

"Uandike kwenye kundi kwamba picha si ya kweli. Na twende polisi pamoja."

"Dada yangu, watu wametulia. Uchaguzi wa kamati uko mwezi wa sita. Nikisema tulikosea, watu waliorusha mawe wataangaliana vipi?"

"Lazarus yuko ndani, mwenyekiti."

"Korti itaona. Kama hana makosa atatoka tu." Akanimiminia chai nyingine. "Na wewe pia fikiria studio yako. Wewe si wa hapa kabisa kabisa, ama?"

Alisema kwa upole, kwa sauti ileile ya kuombea chakula. Nimezaliwa Kedowa, wilaya hii hii. Niliacha chai.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilikuwa nimebaki na Danson peke yake, na kwake nilienda kwa sababu ya kamera. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama kati ya magunia ya mbolea, nikingoja anifukuze.

"Hiyo kamera ni takataka," alisema. "Nilinunua ile ya bei ya chini kabisa. Inaona kama mimi bila miwani. Nilimwambia Kipruto hivyo siku ile ile."

"Alisema nini?"

"Alisema wewe utaiponya." Akavua miwani, akaipangusa. "Mimi siku ile nilikuwa nakupigia honi wewe, Nyathira. Ulikuwa umesimama mlangoni. Nilitaka useme kitu."

Nikamweleza ninachotaka: nisimame mimi mwenyewe mbele ya mlango wa stoo, saa ile ile ya magharibi, kwenye mvua, mbele ya kamera ile ile. Hakuuliza kwa nini. Alifunga duka mapema, akatafuta koti la mvua lenye kofia, tukaenda.

Mvua ilikuwa kubwa kama ile ya Ijumaa ile. Nilisimama nikishika kufuli mpya, maji yakiniingia shingoni, nikajaribu kufikiria mtu mwingine pale, mzee ameanguka nyuma yake. Danson alisimama chini ya mwavuli akitazama mashamba. Alipoona natetemeka alikuja akanifunika.

Studioni nilitia uso wangu kwenye programu. Tulingoja. Akatoka mwanamume. Shavu lililobonyea, mdomo uliofungwa.

"Ngai," alisema Danson.

Jumanne, 22 Aprili

Polisi aliyeshika kesi anaitwa Ondieki. Nilidhani atatufukuza. Ni mtu aliyechoka, ana kikohozi, meza yake imejaa maji yanayodondoka kutoka darini. Danson alinipeleka, akaketi kwenye benchi nyuma yangu kama mzazi shuleni.

Nilianza na picha ya chenga ambamo nilisimama mimi. "Afande, huyu ni nani?"

"Haonekani."

Nikamwonyesha yule mwanamume aliyetoka. "Na huyu?"

"Simjui."

"Ni mimi. Bwana Danson alikuwepo, na kadi ni hii, iko na picha zote tangu tunafika."

Alivuta kompyuta karibu. Alirudi nyuma na mbele kati ya picha hizo kwa muda mrefu, akikohoa. Nilimwonyesha zile nyuso tatu za picha ya kwanza. Kisha mlango.

"Hii ya mlango, hii nayo si umetengeneza?" aliuliza. "Nitaaminije hii nikikataa ile?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimweleza kwamba hapa sikuongeza chochote, nimejumlisha tu picha za kamera yenyewe, na mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuchukua kadi na kurudia, atapata mlango ule ule kila mara. Ile nyingine ukirudia unapata mtu mwingine.

Alifunga kompyuta.

"Kwa nini hukusema hivi mwezi uliopita?"

"Sikuuliza, afande. Niliambiwa nimtoe mtu nikamtoa."

Aliandika maelezo yangu kwa mkono, nikatia sahihi. Tulipokuwa tunatoka alisema, bila kututazama, "Yule mzee wa hospitali atanisumbua. Anaamini kabisa."

Niliomba kumwona Lazarus. Wakamuuliza. Alikataa.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Wanasema Ondieki ameonekana kwenye kituo cha majani na kamba ya kupimia.

Jumatano, 30 Aprili

Hakuna habari. Nimefuta ile programu. Mtu ameandika neno baya kwa makaa kwenye ukuta wa studio. Danson alituma mfanyakazi wake alioshe kabla sijafika, lakini lilikuwa bado linasomeka.

Jumanne, 6 Mei

Kesi imeondolewa. Mzee Chepyegon aliulizwa tena, na mbele ya Ondieki alilia, akasema hajui anachokijua. Lazarus alitoka mchana. Danson alikuwa ameenda na pickup kumngoja, lakini Lazarus hakupanda. Alitembea kuelekea barabara kuu, akapanda gari la Kisumu.

Aliyempiga mzee hajulikani. Nadhani hatajulikana. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida kwenye koti la mvua, na hapa msimu huu kila mtu ni huyo.

Jumapili, 11 Mei

Kipruto hakuandika kitu kwenye kundi, basi nimeandika mimi. Nimesema uso ule niliutengeneza, haukuwa wa mtu yeyote, Lazarus hana hatia, na makosa ni yangu. Nimeweka na picha ya yule mwanamume aliyetoka kwenye uso wangu.

Kisha mtu akaandika, "Umelipwa ngapi?" Mwingine akaweka kicheko. Mwingine akauliza kama lori ya kesho inakuja mapema. Wakaendelea na lori. Jioni nikaona nimetolewa kwenye kundi, na aliyenitoa ni mwenyekiti.

Yule mama wa maziwa hajaleta maziwa.

Ijumaa, 23 Mei

Baridi. Ukungu haukuondoka mpaka saa tano. Chai iliyochanwa na mvua ya mawe imeanza kutoa majani mapya, mekundu kidogo. Mteja mmoja.

Jumanne, 3 Juni

Lazarus alikuja leo.

Nilisikia mtu akikung'uta viatu verandani, nikainua macho, ni yeye. Amekonda. Kovu linaanza kwenye nyusi linashuka mpaka shavuni, limeshonwa vibaya, na jicho la upande ule halifunguki lote. Alikuwa amekuja kuchukua vitu vyao vilivyobaki kwa mwenye nyumba.

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno kwa majuma mengi, na yakatoka yote kwa pamoja, bila mpangilio, mpaka nikasikia nalia. Aliniacha nimalize. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe.

"Mama Shirley hajambo?" niliuliza.

"Yuko. Anauza mboga." Aliketi kwenye stuli mbele ya pazia la buluu. "Piga mimi picha za pasipoti. Kuna kazi kwa kiwanda cha sukari. Wanataka picha."

Nilipiga. Nilitumia taa zote mbili, mwanga mwingi, hakuna chenga hata moja. Kila kitu kilionekana. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta atazame, akajitazama.

"Toa hii," alisema, akaweka kidole kwenye kovu.

"Baba Shirley, mimi siku hizi picha za watu sizigusi. Naacha mtu vile alivyo. Baada ya yale nilijiapia."

"Nikipeleka hii uso, mwenye kazi ataniuliza nilipigwa kwa nini. Nitamwambia nini? Ati nilisingiziwa? Kila mwizi anasema hivyo." Sauti yake haikupanda. "Wewe uliweka. Wewe toa."

Nikaketi. Ilinichukua muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, kwa sababu sikutaka programu inisaidie. Nilichukua ngozi ya shavu lake la kulia, kidogo kidogo, nikaipandisha juu ya jeraha. Nilifungua jicho. Nilijenga nyusi. Alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua, na nje mvua ilikuwa imeanza tena, ile nyembamba ya mwisho wa msimu.

Nilizichapisha, nikazikata, nikampa. Alizishika karibu na dirisha. Alikuwa mwanamume mzima, laini, mwenye macho mawili yaliyo wazi, mtu ambaye hakuna mkono uliowahi kumgusa kwa ubaya.

"Huyu atapata kazi," alisema.